Kura za Dole Gumba

Mwanahawa Halfani alikuwa amekamua alizeti za watu kwa miaka mingi hata sabuni ikawa imeikatia tamaa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha mzee Batholomeo, pale Kizota: kumwaga mbegu kwenye mdomo wa mashine, kuzoa mashudu, kujaza madumu ya mafuta. Jioni alirudi Nzuguni kwenye chumba cha kupanga, ambako binti yake Ikram hakuchoka kumtania.

"Mama, siku tukiishiwa mafuta tutakukamua wewe."

Alichokitaka Mwanahawa kilikuwa kimoja tu: mashine yao wenyewe. Haikuwa ndoto ya usingizini. Kikundi chao cha uwekezaji, Tuinuane, kilikuwa kinaweka akiba kwa ajili hiyo, na akiba ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika. Karibu wanawake wote wa kikundi walikuwa wamemwachia Batholomeo jasho lao kwa njia moja au nyingine, wengine kwa kibarua, wengine kwa kumpelekea mbegu akazipima kwa mizani aliyoiamini yeye peke yake. Mwenyekiti alikuwa Cecilia, mke wa Batholomeo. Hakuna aliyeona ajabu. Cecilia ndiye aliyekianzisha, ana gari, na anajua kuongea na watu wa benki.

Tena walikuwa na chungu. Kila palipotakiwa uamuzi, mwanachama alipewa karanga moja ya kukubali na mbegu moja ya alizeti ya kukataa. Aliingiza ngumi chini ya kanga iliyofunika chungu, akaacha moja, na ile nyingine akaitupa mdomoni upesi, isionekane ni ipi, na kuitafuna mbele ya wenzake. Mwaka juzi Cecilia alitaka fedha za kikundi wakopeshwe wafanyabiashara wa sokoni. Chungu kilipofunuliwa kilikuwa na karanga mbili tu.

"Haya, wachawi wangu," Cecilia alisema akicheka, "leo mmenipata."

Wakacheka wote, na yeye akabaki hajui amkasirikie nani.

Kisha watu wakatawanyika. Amina, rafiki wa Mwanahawa tangu wakiwa wasichana huko Kondoa, alirudi nyumbani kumuuguza mama yake. Frida, karani wa serikali, alihamishiwa Manyoni. Cecilia mwenyewe akawa Dar es Salaam wiki nyingi kuliko alivyokuwa Dodoma. Vikao vitatu vikaahirishwa, na Frida akapendekeza wakutane kwenye simu. Walijaribu kwanza kikao cha kuonana sura. Amina alilazimika kupanda mlimani kutafuta mtandao, akaonekana kidevu na mawingu tu, na bando likamwishia kabla dua ya kufungua haijamalizika. Wakaamua kuandikiana kwenye kundi la Wasapu.

"Na kura je?" aliandika Amina.

"Dole gumba, dada," Frida akajibu. "Chungu hakiingii kwenye simu."

Mwanahawa alicheka na wenzake. Lilionekana jambo jema, na kwa kweli lilikuwa jema kwa mtu aliye mbali. Ubaya haukuwa kwenye simu. Ubaya ulikuwa kwamba katika wanawake wote wale hakuna aliyesimama kuuliza kile chungu kilikuwa kinawalinda na nini.

Jibu lilikuja mchana mmoja wa kiangazi, upepo ukirusha vumbi la Kizota mpaka kwenye chai. Cecilia aliandika ujumbe mrefu. Shemeji yake alikuwa anauza kiwanja Msalato, karibu na uwanja mpya wa ndege, kwa bei ambayo hawataiona tena. Mashine inaweza kusubiri, ardhi haisubiri. Akamaliza hivi: "Anayekubali aweke dole. Asiyekubali aandike sababu zake hapa hapa tuzisome wote. Sisi ni wanawake wa uwazi."

Mwanahawa aliusoma mara mbili akiwa ameegemea magunia. Alitamani kuuliza mbona hawapelekwi kukiona hicho kiwanja. Alitamani kuuliza ni nani atakayepata hasara Tuinuane wakiwa na mashine yao, ila jibu alikuwa nalo mbele ya macho: Batholomeo alikuwa amesimama uani, simu mkononi, akimtazama. Labda alikuwa anatazama magunia tu. Kuandika kulimpa shida. Kiswahili cha kuandika hakikuwahi kumkaa vizuri kama Kirangi cha mama yake. Akabonyeza kinasa sauti. "Mwenyekiti, mimi naona..." Akakatisha, akaifuta.

Dole la Frida likaingia. Yakafuata mengine, harakaharaka, kama watu wanaokimbia mvua. Kisha likaingia la Amina.

Hilo ndilo lililommaliza. Kama Amina amekubali, basi huenda kuna kitu ambacho yeye hakukielewa. Mwanahawa akaweka dole lake, akarudi kwenye mashine.

Jioni Amina alimpigia.

"Mama Ikram, na wewe umekubali?"

"Si nimeona lako."

"Mimi niliweka kwa sababu Frida aliweka. Nikasema, msomi yule, atakuwa amepima."

"Na Frida?"

"Nimemuuliza. Anasema mume wake ana mkopo kwa Batholomeo."

Kabla Mwanahawa hajauliza jingine, mtandao ukakata.

Fedha zilitoka wiki ileile. Msimu wa mvua ulipoanza, Mwanahawa alikodi bodaboda kwenda Msalato kupaona mahali pao. Alikuta msingi wa nyumba, tofali zimepangwa, na mwanamume mwenye hati inayoonyesha kwamba amenunua miaka minne kabla yao. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti na maji ya kunywa.

"Wewe ni wa tatu kuja, mama," alimwambia. "Huyo aliyewauzia, hata sisi tunamtafuta."

Cecilia aliitisha kikao kwenye simu. Aliandika kwamba shemeji yake ameiaibisha familia, kwamba yeye mwenyewe halali kwa uchungu, kwamba kugombana kutawafurahisha maadui. Alipendekeza wamwachie Mungu na waanze kuchanga upya. "Wanaoafiki waweke dole."

Safari hii Mwanahawa alikuwa nyumbani. Ikram alimwona mama yake akikaa wima kitandani na kuisogeza simu mdomoni kama mtu anayetaka kuipuliza.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mimi Mwanahawa. Sikubali. Shemeji yako ana kaka, na kaka huyo ni mumeo, na mumeo ana mashine. Fedha yetu ilikuwa ya mashine. Nataka tukutane, tukae chini, tutazamane, tujue ilikokwenda. Na wenzangu, mimi najua mnachofikiri, maana hata mimi nilifikiri hivyo hivyo nikaweka dole. Nimemaliza."

Akaituma. Walimsikiliza wote, simu ilionyesha hivyo. Chini ya ujumbe wa Cecilia madole yakaanza kuota, moja, jingine, jingine. La Amina halikuwepo. Kisha likawepo. Baada ya hapo simu ikamwandikia kwamba ameondolewa kwenye kundi.

"Mama," Ikram alisema, "kesho utaenda kazini?"

"Sijaambiwa nisiende."

Asubuhi Masudi, mlinzi wa kiwanda, alimzuia getini bila kumtazama usoni.

"Mzee amesema upumzike kwanza, mama."

"Amekwambia kwa mdomo?"

"Amenitumia ujumbe."

"Basi mimi nipo hapa. Aje aniambie mwenyewe."

Alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara. Ndani mashine iliunguruma, mtu mwingine akiilisha. Wanawake wenzake walipita na madebe yao ya mbegu. Mmoja alimwachia andazi kwenye karatasi, akaondoka upesi.

Jua lilipokuwa utosini geti lilifunguliwa na gari la Batholomeo likatoka. Mwanahawa aliinuka, akasimama katikati ya njia. Gari likasimama. Vioo vilikuwa vimepandishwa, vyeusi, na alichokiona humo kilikuwa kanga yake mwenyewe na vumbi. Akangoja kioo kishuke.

Simu ikalia kwenye mkoba wake. Aliitoa akatazama jina. Batholomeo alikuwa anampigia kutoka ndani ya gari, hatua chache tu kutoka pale aliposimama.

Hakuipokea. Aliiacha ikalia mpaka ikakata, ikalia tena, na yeye hakutoka njiani.