Kaka Alipoosha Tope la Ziwa

Niliporudi kutoka kuchunga niliwakuta kaka yangu na rafiki zake wawili wameinamia karai uani, wanaosha tope la ziwa. Tope langu! Sawa, lilikuwa la dada mmoja wa chuo kikuu aliyekuja na wenzake kuchunguza ziwa letu, lakini mimi ndiye niliyelibeba begani kutoka ziwani, limejaa kwenye bomba la plastiki, na mimi ndiye niliyeambiwa nilitunze mpaka asubuhi gari lije.

Ilikuwa wakati wa rashi, mbio za kukimbilia machimbo. Dhahabu ilikuwa imeonekana upande wetu wa Nyakunguru, na watu walimiminika, wengine hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kila mtu na sururu yake. Siku hizo ukimwona mtu anabeba udongo huulizi anabeba nini. Sasa waje wasomi na mtumbwi wa mpira, wachomeke bomba katikati ya ziwa, watoe tope, halafu waseme wanatafuta habari za mvua ya zamani! Nani angekubali?

"Wewe mura, kijana mzima, wamekudanganya," kaka alisema bila kuinua kichwa. "Hakuna msomi wa kuja kulala Tarime kwa ajili ya tope."

"Haya, umepata nini?"

Akazungusha karai, akachungulia. "Konokono. Na mizizi."

"Mpelekee sonara," rafiki yake mmoja akasema, wakacheka wote.

Mimi sikucheka. Wiki ileile ilikuwa imepangwa ritongo, mkutano wetu wa kuamua mambo mazito mbele ya watu wote. Wachimbaji walikuwa wanaomba kuleta pampu wakaushe ziwa, kwa sababu ilisemekana mwamba wa dhahabu unapita chini yake. Ziwa ni dogo, lakini ng'ombe wetu wote wanakunywa pale, na kiangazi wanakuja hata wale wa Gorong'a. Waliotaka pampu walikuwa na neno moja tu: ziwa hili ni la Mungu, halijawahi kukauka, tutalikausha, tutachimba, masika italijaza. Hata tata, baba yangu, alisema hivyohivyo.

Lakini mimi nilikuwa nimeona. Siku ya kwanza dada wa chuo alipasua bomba moja palepale ufukweni. Juu kulikuwa na tope jeusi. Chini yake mkanda mweupe, mgumu, wenye nyufa zilizojaa mchanga, na ndani yake mizizi ya nyasi. Chini zaidi, tope jeusi tena, na konokono wa maji.

"Hapa maji, hapa maji," alisema akigusa lile jeusi la juu na la chini. "Hapa katikati ziwa lilikauka, nyasi zikaota."

"Kwa msimu mmoja?"

"Udongo mnene hivi hautengenezwi na msimu mmoja. Huenda kuna watu walizaliwa hapa wakazeeka bila kuliona hili ziwa."

Tangu hapo sikutulia. Kila mtu niliyemwambia alinijibu kwamba ninajifanya msomi. Nilikuwa nimeomba bomba lile libaki, lipasuliwe mbele ya watu kwenye ritongo, na sasa limeishia kwenye karai.

Asubuhi dada wa chuo alikuja, akaona bomba tupu, akakaa juu ya jiwe akacheka mpaka machozi. Mabomba mengine yalikuwa yanakwenda maabara, hakuweza kuacha hata moja. Akaniachia lile tupu. "Umeniona ninavyofanya," alisema. "Usiwe na haraka."

Kaka ndiye aliyenisaidia kutoa tope jingine, nadhani kwa aibu, ingawa yeye alisema anataka tu kuhakikisha kwamba nimedanganywa. Tulifunga madumu, tukaweka mbao juu, tukaelea mpaka katikati. Nikashika nyundo nikagonga kwa nguvu zangu zote. Tope likatoka limevurugika kama uji.

"Leta hapa," kaka akasema. "Duara halichimbwi kwa hasira." Duara ndilo shimo la wachimbaji wa dhahabu.

Akashusha bomba polepole, akilisukuma kwa uzito wa mwili, akaziba mdomo wa juu kwa kiganja. Lilipotoka, mikanda yote ilikuwa imelala kwa mpangilio wake. Nililipasua kwa msumeno, nikalifunika kwa gunia lenye maji.

Kwenye ritongo wazee husema kwanza, vijana mwisho. Nilisimama mapema.

"Kaa chini, mura! Ndama hatangulii mtoni," mzee mmoja akanikemea.

Nikakaa. Wakasema, wakasema tena. Tata akasimama akaunga mkono pampu. Mimi nalowesha gunia tu. Zamu yangu ilipofika nilifunua bomba, nikaeleza kama nilivyoelezwa, na kwa mara ya kwanza sikukimbiza maneno.

"Nyufa hizo ni za jua la leo," mchimbaji mmoja akapaza sauti.

"Na mchanga ulio ndani yake umeingia leo?" nikamuuliza.

Watu wakaguna. Kaka naye akasimama nyuma. "Mimi nililiosha la kwanza. Dhahabu hakuna, mizizi ya nyasi tupu."

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini?" mtu akamuuliza, uwanja mzima ukacheka.

Hapo tata akatoka mahali pake. Akachukua kipande cha ule mkanda mweupe, akakivunja, akavuta mzizi mmoja, akaunusa, akausugua kwa vidole. Yeye amefuata ng'ombe maisha yake yote.

"Hapa palikuwa malisho," akasema. "Nyasi hizi si za majini." Akawageukia wazee. "Neno langu la mwanzo ninalirudisha. Tukilikausha ziwa, mimi sitaliona tena, na huenda hata hawa wadogo wasilione."

Wengine walibisha mpaka jua likaelekea magharibi, lakini maamuzi yalitoka: pampu zisiguse ziwa.

Mwezi uliofuata mjomba alikuja kutoka upande wa Kenya, nikamwamkia shikamoo, nikataka kwenda zangu. Tata akanishika mkono.

"Huyu kijana wangu anasoma tope," akamwambia mjomba, kisha akanisogezea kiti. Mimi, mbele ya wakubwa, kiti! "Mweleze. Anzia chini."