Kiti Mbele ya Mkwe Wangu

Sehemu kubwa ya maisha yangu nilifanya kazi ya kupokea maziwa, katika kituo kimoja cha ushirika upande wa Kinyala. Kazi yenyewe ni hii: mtu analeta ndoo, unafungua kifuniko, unanusa, unapima, kisha unayamwaga kwenye tangi la kupoozea au unamrudishia aende nayo nyumbani. Vipimo vilikuwepo, lakini mimi nilianza na pua, na vipimo vilikuja baadaye kukubaliana nayo. Kwa sababu hiyo nilijiona mtu mwenye akili. Imenichukua hadi uzee kujua kwamba nilikuwa na pua tu.

Mkuu wa kituo alipostaafu, kila mtu alijua atakayemrithi ni mimi. Nilijua kuliko wote. Nilikuwa nimeshanunua shati. Ushirika ukamleta mwanamke kijana mwenye stashahada ya mambo ya maziwa. Alikuwa mke wa mwanangu wa pili. Aliomba kazi kama watu wengine, akasailiwa, akapata. Mwanangu alinipigia simu kunipa hongera kwamba kazi imebaki ndani ya nyumba. Mke wangu akaniuliza najisikiaje. Nikasema niko sawa.

Wasiotoka kwetu inabidi niwaeleze jambo moja. Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe njiani aliingia migombani mpaka apite. Hawakutazamana, hawakula pamoja, hawakukaa chumba kimoja. Siku hizi mambo yamelegea. Kanisani wanakaa safu moja, na hakuna anayeingia migombani labda mvua inyeshe. Nyumbani kwangu pia tulikuwa tumelegea: ananisalimia kutoka mlango wa jikoni, naitikia, basi.

Siku aliyoanza kazi nilikaza upya. Alipoingia chumba cha mapokezi kunisalimia, nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama kwenye mvua na koti langu jeupe. Mlinzi wa kituo, mtu wa maneno mengi, akanifuata.

"Mzee, unaumwa?"

"Yule ni mkwe wangu. Siwezi kukaa naye chumba kimoja."

"Sasa mtafanyaje kazi?"

"Wewe utakuwa katikati."

Ikawa hivyo. Mkwe wangu anasimama mlangoni, mimi nimeinamia ndoo, mgongo kwake, mlinzi katikati.

"Mwambie baba maziwa yaliyotoka Lupepo asiyamwage kwanza, nataka kuyapima."

"Mzee, maziwa ya Lupepo..."

"Nimesikia."

"Amesikia," mlinzi anamwambia.

"Mwambie ndaga."

"Mzee, anasema asan..."

"Nimesikia!"

Mlinzi alianza kujiita mkalimani. Wafugaji waliopanga foleni walicheka, na aliyecheka zaidi ni mke wa mtoto wa mdogo wangu, ambaye alileta maziwa kila asubuhi. Huyo tulitaniana sana. Nilimwambia ng'ombe wake anakunywa maji kuliko anavyokula, naye akaniambia pua yangu ikapumzike, imezeeka kabla ya mwenyewe. Wazee nao wakanisifu kwa kushika heshima. Sifa nilizipokea zote.

Baadaye ushirika ukatafuta mkaguzi wa ubora, mtu wa kuzunguka vituo vyote na kuwafundisha wapokeaji. Kazi hiyo niliitaka kuliko ile ya ukuu. Nilikuwa karibu kustaafu na nilichokijua kilikuwa kwenye pua yangu peke yake. Wote waliofikiriwa, pamoja na wakuu wao, tukaitwa semina ukumbini Tukuyu mjini. Ilikuwa semina ya akili hisia, yaani mtu kujua anachokisikia moyoni kabla hakijamharibia kazi.

Mwezeshaji alikuwa kijana kutoka Mbeya, mwenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope la kwetu. Alitupa vikaratasi, kila mtu aandike anavyojisikia. Nikaandika: Niko sawa.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo si hisia."

"Huku kwetu ni hisia."

Watu wakacheka. Nikaona semina inaniendea vizuri.

Baada ya chai na ndizi za kuchemsha akapanga viti viwili viwili, vikitazamana. Kila mtu akae na mkuu wake, amwambie jambo moja ambalo amelisikia moyoni kazini na hajawahi kulitamka. Mkuu naye afanye hivyo hivyo.

"Anayetaka ukaguzi lazima aliweze hili," akasema. "Utakwenda kumwambia mtu kwamba maziwa yake ni mabaya, na kesho unataka akuletee tena."

Mkwe wangu alikwenda akakaa, kitenge kimefungwa vizuri, macho chini. Kiti cha mbele yake kilikuwa changu. Nikakikaribia, nikashika mgongo wa kiti. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Huyu ni mkwe wangu. Mila haziruhusu." Nikatoka.

Mzee mmoja akasema, "Huyo ndiye mwanaume." Wengine wakapiga makofi. Nilipogeuka mlangoni, mkwe wangu alikuwa bado amekaa, anakitazama kile kiti, na mwezeshaji amesimama kando yake na vikaratasi vyake.

Ukaguzi alipewa mtu mwingine. Habari niliipata kwa mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa katikati.

"Mama anasema pole."

"Mwambie niko sawa."

Nikastaafu. Nyumbani kuna migomba, kuku na muda mwingi. Jumapili moja mwanangu alikuja na mkewe, kisha akatoka na mama yake kwenda msibani kwa jirani. Mkwe wangu akabaki jikoni, mimi barazani. Akapita mke wa mtoto wa mdogo wangu, yule wa ng'ombe anayekunywa sana. Akakaa karibu yangu, akala ndizi yangu ya kuchoma, akanicheka ndevu, akaenda zake. Baada ya hapo kimya cha jikoni kikawa kikubwa kuliko jiko.

"Mama," nikasema kuelekea mlangoni. "Siku ile ya semina haikuwa mila."

Sufuria ikawekwa chini.

"Najua, baba."

"Ulijuaje?"

"Huyu aliyetoka hapa sasa hivi naye si mkwe wako?"

Mke wa mtoto wa ndugu yako ni mkwe kama huyu mwingine, na hilo sikulisoma kitabuni, nilizaliwa nikalikuta.

"Nilikuwa na wivu," nikasema. "Nilikuwa nimeshanunua shati."

Akacheka kidogo. Kisha akatoka na kigoda, akakiweka mbele yangu, pembeni kidogo, akakaa akitazama sakafu.

"Basi na mimi nimalize zamu yangu. Jina lako kwenye ukaguzi nililipeleka mimi. Walikuwa wameshakubali, wanangoja tu ukae kwenye kile kiti. Na nilitaka kukuomba unifundishe kunusa."

Kuku akapanda barazani. Hakuna aliyemfukuza.

"Bado unataka?"

"Nataka."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa ya asubuhi. Nikanusa. Nikanusa tena, muda mrefu. Akaniuliza yakoje. Ningeweza kusema yako sawa, na labda yalikuwa sawa kweli.

"Sisikii kitu," nikamwambia. "Tangu mafua ya masika yaliyopita pua haisikii kitu. Sijamwambia mtu, hata mama yenu."

Akachukua kikombe mkononi mwangu, akakisogeza puani kwake.

"Basi nieleze, baba. Nikinusa, nitafute nini?"

Nikaanza na harufu ya ndoo iliyofunikwa kabla haijakauka, maana hiyo ndiyo rahisi.