Mlinzi wa Lango Abadili Mkono

Kitendawili. Umesema tega? Haya: nina pacha anayeniiga kila kitu, ila nikiinua mkono wa kulia, yeye huinua wa kushoto. Lishike jibu lako, tutalihitaji mbele.

Ni asubuhi, na ndani ya chumba chenye madirisha mawili mchoraji amekaa upande mmoja wa meza, shangazi yake upande wa pili. Cherehani ya shangazi inanguruma. Kalamu ya mchoraji, iliyo mkono wake wa kushoto, haitoi hata mkwaruzo. Kwenye skrini yuko Mlinzi wa Lango, mama wa makamo mwenye mkuki, anayewapokea wachezaji wote waingiapo katika mchezo mmoja wa mtandaoni. Leo anachorewa joho jipya.

Miaka sita mchoraji aliuchorea mchezo huo mawe na miti tu.

"Mawe ni watu wazuri," anasema. "Hayana mashabiki."

Mlinzi anao, tena wakali. Mchoraji alipopewa kazi ya kumchora upya, bosi hakumficha: wachezaji wakimkataa, picha ya zamani inarudi, na yeye anarudi kwenye mawe.

Akamchora kwa moyo wote. Akampa mikunjo ya uso, mabega ya mtu aliyewahi kubeba mizigo, viatu vya kutembelea kweli. Na kila mara aliigeuza picha, kulia kuwe kushoto, kama kwenye kioo. Naam, kioo ndilo jibu lako. Jicho likizoea kosa huliona halali. Picha ikigeuzwa, pua iliyopinda hujitaja yenyewe.

Siku ya kuituma akaigeuza mara ya mwisho, akaridhika, akaituma. Hakuirudisha.

Kesho yake wachezaji wakamkuta Mlinzi na mkuki mkono wa kushoto. Maoni yakaja kama nyuki waliochokozwa.

"Mkuki umehama nyumba," aliandika mmoja.

"Wamemchora huku wanasinzia," akadakia mwingine.

Shangazi aliposomewa alicheka hadi uzi ukamkatikia. "Hata mimi hugeuza nguo nikakague mshono," alisema. "Lakini simkabidhi mteja ndani nje. Ulisahau, mwanangu, au ulikusudia?"

Mchoraji akajifanya anatafuta kalamu, nayo iko mkononi.

Bosi akapiga simu. "Mrudishe alivyokuwa. Si kubonyeza mara moja tu?"

"Nipe mpaka kesho," mchoraji akaomba.

Jioni, katikati ya kejeli, likaibuka neno la mchezaji anayejiita Kobe: "Mimi natumia kushoto. Miaka yote nimecheza na mashujaa wasiofanana nami. Leo lango limefunguka, nimesalimiwa na mwenzangu. Msimguse."

Wa kushoto wakajitokeza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wa kulia nao wakawafuata. Hata yule wa mkuki kuhama nyumba akarudi, mpole: "Basi nimemzoea. Na huo uso, jamani, ni wa mama yangu siku nimechelewa kurudi."

Kulipokucha, waliomtaka abaki walikuwa wamewafunika wengine wote. Bosi akapiga tena.

"Mwache hivyo hivyo. Na ujiandae, kuna mashujaa wengine wanne wanakusubiri."

Mawe yamepewa mtu mwingine.

Sasa mchoraji ana ndoto moja: kumbuni shujaa wa kwake tangu mwanzo. "Fundi wa nguo," anasema, akimtupia jicho shangazi. "Ulimi mkali kuliko mkasi."

"Ulimi upunguze, sura uzidishe," shangazi anajibu, akisimamisha cherehani. "Na swali langu umelikalia mpaka leo. Ulisahau, au ulikusudia?"

Mchoraji anaweka kalamu mezani.

"Nilisahau, shangazi. Nilisahau kabisa. Ila bosi aliposema nimrudishe, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, nikakiondoa. Hapo ndipo nilikusudia."