Gari Atakalolikubali Hafsa

Mfaume alipostaafu udereva wa treni, watu wa Kanyenye walitarajia atulie. Afuge kuku, acheze bao barazani, alalamikie bei ya sukari kama wastaafu wengine wenye heshima zao. Badala yake aliingiwa na wazimu wa magari.

Tena si magari haya ya kung'aa yanayozima ukiyatazama vibaya. Alitaka gari kuukuu, la zamani hasa, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lisilo na kompyuta hata moja tumboni, ambalo fundi anaweza kulitengeneza porini kwa spana na matusi. Angelifungia keria juu, na hema juu ya keria. Angeliwekea tangi la pili la mafuta, pipa la maji, kitanda nyuma na jiko mlangoni, kisha aondoke nalo Kwihara, nje kidogo ya mji wao, mpaka Ujiji kwa njia waliyopita wapagazi wa zamani. Lami ipo siku hizi, na ni nzuri, lakini ukimtajia lami alikuwa akinuna. Babu wa babu yake alikwenda Ujiji kwa miguu, robota la kitambaa begani. Yeye alikwenda huko mara zisizohesabika akiwa amekaa kitako, na reli ikamkatia kona zote.

"Nimeendesha maisha yangu yote," aliwaambia wenzake barazani, "ila sijawahi kuchagua pa kupinda!"

Aliyasema haya kwa sauti kubwa, maana kila kitu Mfaume alikisema kwa sauti kubwa. Watu walidai sikio lake la kushoto lilibaki kwenye injini ya treni. Yeye alidai watu wa siku hizi wananong'ona kama wezi, na hapo mjadala ulikuwa umefungwa.

Jambo ambalo hakulisema kwa sauti yoyote ni kwamba safari yenyewe ilikuwa ya mkewe. Tangu harusi yao alimwahidi Hafsa kumpeleka Ujiji akalione ziwa. Halafu ikaja zamu, ikaja zamu nyingine, akazaliwa Najiat na wadogo zake, na kila mara Hafsa alimfungia chakula, akamsindikiza hadi mlangoni, akabaki. Hafsa asipokwenda, Mfaume hakuwa na hamu ya kufika hata Urambo. Lakini mwanamume yule alikuwa hodari wa kueleza tangi la pili la mafuta na bubu kabisa katika mambo kama hayo, basi akaendelea kueleza tangi.

Hafsa alimsikiliza, akachambua mchele wake mpaka mwisho, ndipo akajibu.

"Nitakwenda. Ila gari nitalikubali mimi. Nikisema siyo, ni siyo, na usiniulize kwa nini. Nikikosa la kulikubali, nakaa kwangu."

Mfaume alifurahi nusura aanguke. Alichukua kipande cha mkaa akachora gari zima uani, kwa ukubwa wake halisi: bampa karibu na kisima, mlango wa nyuma karibu na banda. Kuku wakapita katikati ya injini. Akaketi kwenye kigoda kilichokuwa kiti cha dereva, mikono hewani imeshika usukani, akamwita mkewe aketi kwenye kigoda cha kushoto.

Hafsa aliketi. Mfaume akawasha gari kwa mdomo, akavuka mto Malagarasi, akakwepa shimo, akapiga honi. Njiani Hafsa alisema kitu. Mfaume akabadili gia. Hafsa akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda kuketi upande wa kulia.

"Mama Najiat! Umetoka nje ya gari!" Mfaume akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Huko uliko ni porini, utaliwa na simba!"

"Afadhali huku," alisema Hafsa, naye akacheka.

Fundi wao alikuwa Luhende, mtu mnene mwenye gereji ndogo na kicheko kisicho na breki. Yeye ndiye aliyewapeleka kwenye gari la kwanza, hapo hapo mjini, kwa dalali mmoja aitwaye Lukumani. Lilikuwa Land Cruiser nyeupe, limepakwa rangi mpya mpaka unajiona meno, na ubavuni mwake umesimama mkonga mrefu mweusi, ule wa kuvutia hewa juu ili injini isinywe maji mtoni.

"Huu mkonga, mzee wangu, unavuka nao hata ziwa lenyewe," alisema Lukumani. "Unatokea Kongo!"

Mfaume tayari alikuwa Kongo. Aliupapasa mkonga ule kwa mapenzi ya wazi, mbele ya mkewe.

Luhende aliwasha injini, akapanda kwenye bampa, akaziba mdomo wa mkonga kwa kiganja. Injini iliyonyimwa pumzi hukohoa ikazima. Hii haikukohoa. Iliendelea kunguruma kwa raha zake. Luhende akaukamata mkonga kwa mikono miwili, akauvuta, ukang'oka mzima mzima pamoja na skrubu zake mbili. Nyuma yake hapakuwa na tundu lolote, bati tupu lililopakwa rangi.

"Dalali," alisema Luhende akiwa ameubeba begani, "hili ni pambo. Ungelivisha na hereni."

Lukumani mwenyewe alishindwa kujizuia, wakacheka wote wanne hadi wapita njia wakasimama. Hata hivyo Hafsa aliingia, akaketi, akafunga mlango, injini ikiwaka. Mfaume alikuwa kwenye usukani. Akamwona midomo ikicheza, uso ameuelekeza kwenye kioo. Kisha akashuka.

"Hii siyo," alisema.

Hiyo haikuuma, maana hata kuku wa uani wangelikataa lile. Iliyouma ni ya Bukene.

Kule Bukene mfanyabiashara wa ng'ombe, Masolwa, alikuwa na Land Cruiser ya zamani ya kazi. Aliwapokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!" ya kutikisa mabati, akawanywesha maziwa, akawafungulia boneti bila kuombwa. Luhende alijilaza chini yake akagonga chesisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, na kila mahali ikalia chuma kizima, hakuna pa kulia bovu kwa kutu. Springi nzima. Giaboksi haivuji. Waliliingiza kwenye mbuga ya udongo mweusi, wakatia gia nzito ya magurudumu manne, likatambaa likatoka upande wa pili limechafuka na limeridhika. Mfaume alishuka akalizunguka akipiga makofi. Alishaona keria. Alishaona hema juu, na Hafsa anachungulia nje ya hema asubuhi, nywele hazijafungwa, anauliza chai iko wapi.

Hafsa akaingia. Akafunga mlango. Injini ya dizeli ilinguruma, Mfaume akapanda tena, akashika usukani kwa nguvu, akangoja, macho mbele, moyo unamdunda kuliko siku alipokwenda kuposa. Mkewe alisema kitu kidogo, akakirudia. Akamtazama mumewe. Akashuka.

"Hii siyo, baba Najiat."

Masolwa alimtazama Luhende. Luhende alitazama nyundo yake. Mfaume alienda nyuma ya gari akajifanya anakagua tairi la akiba, kumbe alikuwa anafuta macho.

Njiani kurudi hakuongea, na Mfaume asiyeongea ni jambo la kutisha. Aliona wazi kilichotokea. Mkewe hataki kwenda, ila kwa upole wake hataki kusema, basi atayakataa magari yote ya mkoa mpaka mzee achoke. Na alikuwa na haki. Mtu aliyeachwa mlangoni miaka yote ile ana haki ya kuuzoea mlango wake.

Siku zilizofuata alifuga kuku. Alicheza bao, akashindwa na kila mtu. Ile picha ya mkaa uani Hafsa alikuwa akiifagia kwa kuizunguka, lakini Mfaume hakuketi tena ndani yake.

Luhende ndiye aliyekuja kumtoa.

"Shikamoo, mzee. Liko moja limebaki, Kipalapala, kwa Mzee Anton. Sikulitaja kwa sababu ni aibu. Limetoka Burundi. Usukani uko kushoto."

"Marahaba. Kushoto? Nitalipitaje lori, nichungulie na dirisha la jirani?"

"Ndiyo maana halijanunuliwa mpaka leo. Twendeni tukacheke tu."

Walikwenda kucheka, wote watatu. Anton, mkulima jirani na seminari, aliwaongoza nyuma ya ghala lake, akaondoa mabua ya mahindi, akafukuza kuku, na Land Rover likatokea taratibu, kijani iliyopauka, limekunja uso kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mayai. Hafsa aliyakusanya kwenye khanga yake kwa uangalifu, akamkabidhi mwenye mji.

"Hayo ni ya gari, mama," alisema Anton. "Ndiyo yote liliyozalisha mwaka huu."

Luhende aligonga chesisi. Ililia vizuri. Akagonga tena, hakuamini masikio yake. Alileta betri yake, akasafisha mafuta, akabana hapa, akalegeza pale, na baada ya kukohoa moshi mweusi uliowafukuza kuku mpaka kwa mapadri, injini ikawaka na makelele ya kinu cha kusaga.

Mfaume aliingia upande wa kulia kwa mazoea, akakuta hakuna usukani. Wakacheka tena. Akazunguka, akapanda kushoto, akajisikia amevaa viatu vilivyopishana miguu. Hafsa akapanda kulia. Mlango wake ulifungwa kwa kamba, akaushika kwa mkono.

"Twende mpaka mwisho wa shamba," alisema Mfaume, "tuwafurahishe hawa."

Gari likaruka matuta, vyuma vikapiga kelele, vumbi likaingia kila mahali. Mfaume alijisahau. Alipinda kulia kwa sababu alitaka, akapinda kushoto kwa sababu alitaka, akaanza kucheka peke yake, na katikati ya zogo lile akasikia, "Tukifika Uvinza, usipite. Nataka chumvi ya pale pale."

"Nitasimama," alijibu. "Kwa nini nipite? Hapa hakuna ratiba."

Akaendelea kidogo, ndipo akaona mkewe ameuachia mlango na amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Alikanyaga breki. Hakujua kama ni kicheko au kilio, na kumbe vilikuwa vyote viwili.

"Umesikia," alisema Hafsa.

"Nimesikia nini?"

"Hilo la Uvinza. Nililisema kwa Lukumani. Nikalisema Bukene, tena nikalirudia. Nililisema hata pale uani kwenye kigoda. Unabadili gia tu. Nikajiuliza, nitakwenda mpaka Ujiji na mwanamume nisiyeweza kuongea naye? Si ndiyo miaka yetu yote ile?"

Mfaume alifungua mdomo aseme kwamba watu wa siku hizi wananong'ona. Akaufunga tena. Yalimjia mambo madogo madogo, moja nyuma ya lingine. Mkeka wa chakula, Hafsa upande wake wa kulia. Benchi la barazani jioni, Hafsa kulia kwake. Kitanda chao, alichokihamishia Hafsa ukuta wa pili miaka ile, akasema eti kwa ajili ya upepo. Hakumwambia hata siku moja kwamba sikio la kushoto limekufa. Alihama yeye, kila mahali, kimyakimya, na mumewe akadhani dunia nzima ndivyo inavyokaa.

Kule ghalani Luhende na Anton walikuwa wakipunga mikono, wakidhani gari limewazimikia.

"Mama Najiat."

"Abee."

"Hebu sema tena."

Hafsa alimgeukia kwa wasiwasi. "Hukusikia?"

"Nimesikia," alisema Mfaume. "Sema tena."