Siku Mashine ya Kuchuma Chai Iliponivua Kaptura

Jamani, mkitaka kucheka anzeni sasa, kwa sababu nikifika katikati mtashindwa kupumua, na mimi aibu yenyewe nimeizoea mpaka watoto wa kambi yetu ya wachuma chai wakiniita Bwana Injini naitika.

Wiki ile mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kwetu ziwani, mara ya kwanza kabisa, kuona binti yake ameolewa na mtu wa aina gani. Na mnajua kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa: humkaribii, humtazami usoni, huli naye meza moja, na yeye vilevile anakukwepa. Alilala kwa jirani kama desturi inavyotaka, lakini swali lake lilinifikia kupitia kwa mke wangu Akinyi: "Ouko, mama anauliza, mwanamume mzima kazi yake ni kuchuma majani?"

Lilinichoma, siwafichi. Usiku nilijigeuza kitandani kama chapati.

Asubuhi yake meneja akatukusanya wachumaji wote shambani. (Tulimwita Bwana Sawasawa, maana hata akikufukuza kazi alimalizia na sawasawa.) Alikuwa na wageni wawili wa soksi ndefu, na kitu kimefunikwa turubai. Akakifunua kama mtu anayefunua bibi harusi: injini ya petroli, meno marefu ya chuma, mfuko mkubwa nyuma wa kuingiza majani, na vishikio huku na huku ili watu wawili waibebe juu ya mstari wa chai.

"Hii mashine nafanya kazi ya kambi mzima," akasema. "Hapana choka, hapana gonjwa, hapana taka ruhusa ya matanga. Sawasawa. Nani najua mashine?"

Kila mtu alikuwa anawaza nyumba yake ya kambini, kwamba hiki kidude kikifanya kazi yetu yote sisi tutaenda kulala wapi. Chebet, mama mmoja wa Kipsigis aliyezoea kuchuma mstari wa karibu na wangu, akanong'ona, "Na chai yenyewe, itainywa hii mashine?"

Mimi, badala ya kufikiri kama Chebet, nikanyoosha mkono. (Ujuzi wangu wa mashine ulikuwa huu: niliwahi kupiga pampu baiskeli. Ya mtu.) Meneja akafurahi, akamwonyesha kidole Kiplang'at, rafiki yangu mrefu, ashike upande wa pili, naye akaja kama mtu anayepelekwa kortini. Mgeni mmoja akatufundisha kwa Kiingereza, akigusa hapa na pale, na kila alipopumua nikajibu "yes sir" kwa sauti ya msomi.

Halafu, kwa akili yangu timamu, nikatuma mtu kambini amwambie Akinyi amlete mama asimame barabarani, mbali kwa heshima, aone mkwe wake ni bwana wa nini.

Kusubiri bila kusema neno nikashindwa. Nikawahutubia wenzangu kwamba dunia imebadilika, kwamba mashine haisengenyi, haina malaria, na wasioijua waanze kufunga mizigo mapema kabla magari hayajajaa. Chebet akaniuliza, "Na wewe Ouko, ukirudi kwenu utachuma samaki?" Nikamwambia mimi siendi popote, mimi ndiye nitakayeiendesha. Jinsi nilivyolitamka hilo neno nitakayeiendesha, mngeniona!

Ikawashwa. Ikanguruma, ikatutetemesha hadi meno, tukaanza. Mwanzoni ilikata vizuri, nikawapungia wageni mkono. Kisha ikaanza kula kila kitu: majani machanga, majani kuukuu, matawi, kiota cha ndege, na viazi vya mchana vya Chebet alivyokuwa amevitundika kwenye kichaka ndani ya kitambaa. Na kwa vile mstari unateremka na chini palilowa mvua ya jana, tukaanza kuteleza, nayo haitungoji.

"Ouko!" Kiplang'at akapiga kelele. "Hii kitu inasimama wabi?"

"Endelea tu!"

"Ouko, inasimama wabi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba huenda jambo hilo lilielezwa kwenye yale mambo niliyoyaitikia yes sir. Kiplang'at, mtu mwenye watoto, akaachia. Mashine ikalala upande wangu, na mkanda wa injini uliokuwa wazi ukadaka kaptura yangu (niliinunua mnadani Sosiot, pana ya kutosha watu wawili, nimeifunga kwa kamba ya katani). Nikasikia prrraa! Kaptura ikavutwa ikaenda zake, ikajisokota kwenye injini mpaka injini ikakohoa ikazima. Meneja, huko juu asijue kilichonipata, akaniita nipande nisalimiane na wageni.

Kupanda na nini? Nilikuwa nimesimama katikati ya vichaka vya chai, shati linaishia kitovuni, namshukuru Mungu kwamba chai hufika kiunoni. Kambi nzima ilikuwa imelala chini kwa kicheko. Chebet tu ndiye aliyevuta pumzi, akavua aproni yake ya turubai akanitupia. "Vaa, fundi."

Aproni, kama mnavyojua, ni ya mbele tu. Kwa hiyo nikajifunga, nikawaelekezea watu uso, nikatoka kinyumenyume kwa heshima zote, nikitabasamu, hatua kwa hatua, nikiilenga njia ya kambini. Nikaona watu wameacha kucheka. Wanawake wengine wameshika midomo. Nikadhani hatimaye wamenihurumia, nikaongeza mwendo, mpaka mgongo wangu (tuseme mgongo) ukagonga mtu.

Mama mkwe. Alipoona, kutoka kule barabarani, kaptura inaondoka aligeuka haraka asione zaidi, akaja kusimama kwenye hiyo njia ya kambini amejifunika leso usoni, akisubiri balaa lipite. Basi balaa likamfikia.

Alirudi kwao siku hiyohiyo bila kuonja hata uji. Akinyi hakunisemesha mpaka wazee walipotengeneza mambo, na hadi leo salamu za mama mkwe zinanifikia kupitia kwa mtoto. Ule mfuko wa majani ulipofika kiwandani waliurudisha wakisema wao hawakuagiza kuni, mashine ikapakiwa ikaenda, na sisi tukabaki na kazi zetu. Mimi nikachuma mstari wa mwisho kabisa, peke yangu, kwa hiari.

Sasa wanasema inatengenezwa nyingine yenye akili, itakayolijua jani changa kwa kuliangalia tu. Vizuri sana, ije. Mtu akija kunisifia hiyo, simuulizi inafanya kazi ya watu wangapi. Namuuliza inazimwa wapi, na mpaka anionyeshe kwa kidole chake, mimi nitakuwa nimesimama ng'ambo ya mto.