Matope ya Mgongoni

Kwa miaka ishirini na saba Ardith Vossberg alifua jezi za Chuo cha Wexley, kule Iowa, na kama kuna kitu alikidharau ni ubao wa matokeo. Mpira wao ni ule wa kubebwa mikononi na kuangushana, na nguo haisemi uongo: anayezidiwa nguvu huanguka chali, anayesukuma huanguka kifudifudi. Basi kila Jumamosi, kabla ya kuloweka, alizitandaza jezi sakafuni akahesabu migongo michafu.

Septemba, baada ya vipigo kumi na kimoja mfululizo, Wexley wakashinda. Mji ukaingia wazimu. Kocha Lyle Brandsma akaja chumba cha kufulia na boksi la donati, akisema timu sasa imeamka.

"Mmeokota dodo," Ardith akamwambia. "Wenzenu wameangusha mpira wenyewe mara nne. Migongo kumi na tisa ina majani, Lyle. Usinizuge."

Kocha akanuna, akaondoka na donati zake. Lakini Jumatatu vijana walisukuma chuma cha mazoezi mpaka wakatapika, na ikawa hivyo kila wiki.

Wakafungwa mechi sita. Ya mwisho, dhidi ya vinara wa ligi, walifungwa kumi na saba kwa kumi na nne, na mji ukachoka. Kila mtu alijua kwamba Jumatatu asubuhi mkuu wa chuo, Dakta Hollis, angemfukuza Kocha.

Jumamosi hiyo Ardith hakuloweka. Hakuwahi kulaza nguo chafu maishani mwake, na ilimuuma. Jumatatu akaingia ofisini kwa mkuu bila kuitwa, akamkuta Kocha amesimama, akamwaga kikapu kizima kwenye zulia.

"Bi Ardith, zinanuka hizi," mkuu akasema.

"Zinanuka, ndiyo. Zigeuze."

Mkuu akazigeuza moja moja. Vifuani matope matupu, migongo karibu yote myeupe.

"Tuliposhinda nilihesabu kumi na tisa," Ardith akasema. "Juzi tumefungwa, nimehesabu mitatu. Ukimfukuza leo, unamfukuza vijana wakiwa ndio kwanza wameacha kuanguka chali."

Mkuu akaokota jezi moja yenye mgongo mchafu. "Na hiyo mitatu?"

"Hiyo ni kazi ya mwakani," Kocha akajibu.

Mkuu akamwonyesha kiti, akamwambia aketi wapange ratiba ya mwakani.

Ardith akakusanya nguo zake. Matope ya siku mbili ni magumu kutoka. Alisugua mpaka jioni, na hakunung'unika hata mara moja.