Shosho na Mashine ya Krimu

"Huyo hawezi." Ndivyo walivyosema hapa Dundori niliporudi kutoka Doha na masanduku mawili na diploma moja. Hawezi kufungua hata kibanda cha mitumba, sembuse makumbusho. Nani atapanda kutoka Nakuru mjini aje kutazama sufuria kuukuu za wazee? Jirani yangu Njoroge aliniuliza mbele ya watu, "Boss, hiyo diploma ni ya kuokota vyuma?" Nilicheka nao. Diploma yenyewe ni ya utunzaji wa vitu vya kale, na niliilipia mwenyewe, mchana nikilinda kumbi za makumbusho ya watu, jioni nikisoma. Imetundikwa ukutani. Anayetaka aje aisome.

Huyo huyo Njoroge ndiye aliyeniletea, kwa wilbaro, mashine ya marehemu mama yake ya kutenga krimu na maziwa. Ilikuwa imelala miaka mingi katika banda la ng'ombe. Wilbaro iliporuka jiwe la langoni, kengele ndogo iliyo kwenye mkono wa mashine ikalia, ting. Nilisimama palepale. Nilikuwa tena darasa la tano, na masikio yananiwaka moto kwa aibu.

Ngoja niwasimulie. Juu ya kilima chetu ipo nyumba kubwa ya mawe ya mlowezi mmoja, ambayo baadaye ilifanywa makumbusho. Shosho yangu, mama yake mama, alikuwa amefanya kazi huko akiwa msichana. Alipenda kuanza hadithi zake hivi: "Wakati nilikuwa kwa nyumba kubwa..." Mapengo niliyajaza mwenyewe. Darasani nilitangaza kwamba shosho yangu aliishi mle, akilala kitanda cha shaba na kuletewa chai kwa trei. Sikuuita uongo. Niliona nimerefusha ukweli kidogo tu.

Halafu mwalimu akatangaza ziara ya kwenda huko, na akataka mzazi mmoja wa kusaidia kuhesabu watoto. Mama alikuwa anavuna viazi. Akaja Shosho, na sweta yake ya kijani na raba nyeupe alizozipaka chokaa usiku uliotangulia.

Tulipanda kwa miguu katikati ya mikaratusi, umande ukitulowesha soksi. Mlango wa mbele ulipofunguliwa, ilitoka harufu ya nta ya sakafu, nzito na tamu, harufu ambayo mpaka leo nikiinusa najiona mtu mkubwa. Kijana wa kutembeza wageni, aliyevaa tai, akasema, "Karibuni sebuleni." Tukaanza kuingia. Nikageuka kumtafuta Shosho ili waone anavyoingia kwake.

Alikuwa amevua raba, amezishika mkononi, anaizunguka nyumba peku kuelekea nyuma.

"Wee!" Kiptoo wa darasa letu aliita, na sauti yake haikuwahi kuwa ndogo. "Si ulisema ni kwao? Mbona anaingilia kwa mbwa?"

Darasa zima liliangua kicheko. Nikajifanya natazama kichwa cha nyati ukutani. Tulipita chumba baada ya chumba: piano, vitanda (vya shaba kweli, angalau hapo sikukosea), picha za farasi zilizoandikwa chini jina la kila farasi. Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine. Ngazi zake za mbao zilinishangaza, na dirisha moja lilikuwa limebeba ziwa lote la Nakuru, dogo kule chini kama kipande cha kioo. Lakini kila nilipoanza kufurahi, Kiptoo alinibwekea chinichini.

Tulipofika jikoni tulimkuta Shosho ametutangulia, ameketi kwenye kigoda kando ya jiko la kuni kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kijana wa tai akatuonyesha vibati vilivyotundikwa ukutani kwa mstari, kila kimoja na tundu katikati. "Hizi ni faneli za kumiminia mafuta ya taa."

Shosho alicheka mpaka akashika mbavu. "Faneli? Baba, hayo ni matumbo ya hiyo mashine unayoiegemea!"

Kijana aliruka kutoka kwenye mashine. Mwalimu akamwomba amruhusu mama aonyeshe. Shosho akavishusha vibati kimoja kimoja, akivigeuza kwenye mwanga, maana kila kimoja kina namba yake iliyogongwa na patasi, na vikipangwa vibaya mashine haifungi. Alituambia walikuwa wakivitunga kwenye waya wakati wa kuviosha, ili namba zisivurugike. Akavipanga, akihesabu kwa Kikikuyu chini ya pumzi. Akafunga. Akashika mkono wa mashine na kuzungusha.

Ting. Ting. Ting.

"Sikizeni hiyo kengele," alisema. "Ikilia, bado wewe ni mvivu. Ikinyamaza, sasa mwendo umefika. Mwaga maziwa."

Akazidisha. Kengele ikalia harakaharaka, kisha ikanyamaza, na jikoni pakabaki mvumo mwororo kama wa nyuki. Kiptoo alisogea mbele ya wote. "Shosho, na mimi nijaribu?"

Hapo nilijivuna tena, bila shaka. Lakini Shosho alikuwa anatazama kijikaratasi kilichobandikwa kando ya mashine. Hakujua kusoma. "Hapa mmeandika nani alikuwa anaizungusha?"

Kijana akamsomea jina la mlowezi na nchi ilikotengenezwa mashine.

"Basi?"

"Ni hayo tu, Shosho."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akavaa raba zake kwenye ngazi.

Njiani nilimuuliza kwa hasira mbona hakuingia kwa mbele kama watu. "Huko mbele sikujui," alisema. "Ningepotea." Niliona ni jibu la mtu aliyezoea kudharauliwa. Ilinichukua miaka mingi, nikiwa nimesimama wima katika kumbi za Doha, kuelewa kwamba kati yetu wote siku ile, ni yeye peke yake aliyekuwa anajua anakokwenda. Na nilielewa pia alichokuwa anauliza pale jikoni, katika nyumba ambamo hata farasi walikuwa na majina.

Kwa hiyo nilijenga. Watu kumi na wanne waliniazima vitu vyao, wengine wakininong'onezea kwamba wakisikia nimeviuza watanijia na panga. Niliwaahidi malipo ya aina moja: jina la aliyekitumia kila kitu, kwa maandishi makubwa.

Jumamosi ya kufungua, Shosho alifika na bakora yake. Akaangalia mlango, kisha akaanza kuizunguka nyumba. Nilimngoja. Akatokea upande wa pili, amekasirika.

"Wewe, mlango wa nyuma uliuweka wapi?"

"Hakuna, Shosho. Ni huu tu."

"Nyumba bila mlango wa nyuma! Kwani huko Doha ulisomea nini?"

Aliinama kuvua viatu. Nikamshika mkono, tukaingia hivyo hivyo, na viatu.

Nilisoma majina yote kwa sauti. Njoroge alipolisikia la mama yake, alivua kofia. La mwisho lilikuwa la Shosho mwenyewe, chini ya waya mmoja uliopinda: "Waya wa kutungia vibati vya mashine ya krimu. Ulitumiwa na Wangari, jikoni, nyumba kubwa ya Dundori." Shosho alinifanya nilisome mara tatu. Siku hiyo sikubaki na deni la mtu hata mmoja.

Kisha akaielekeza bakora kwenye mashine. "Haya. Zungusha."

Nikazungusha. Ting. Ting. Ting.

"Bado," alisema. "Bado, mvivu wewe."

Nikazungusha mpaka kengele ikanyamaza.